Furukombe na Mti Wake

Pale Mto Pangani unapoingia baharini, ushuru ulikuwa samaki mmoja katika kila kumi, na Mamba ndiye aliyechagua kwanza. Miti ya ibada tu ndiyo iliyosamehewa. Samaki wa sadaka alipita mzima, kichwa na mkia, mradi Kobe, msajili wa miti, awe ameuwekea mti huo alama ya ukucha. Sharti lilikuwa moja: mtini ibada, siasa ufukweni.

Ulipokaribia msimu wa kuchagua mkuu wa mto, Kunguru mwenye kola nyeupe na Yangeyange mwenye kanzu isiyo na doa walipanda mchu mmoja. Wakamwombea Mamba masika matano zaidi. Wakayaombea meno yake. Hata wapinzani wake wakaombewa, wapate usingizi mnono. Amina ikavuka maji mpaka Bweni, na Kobe aliitikia kuliko wote. Siasa? Aka, ile ilikuwa dua.

Kesho yake Furukombe, ambaye naye alikuwa na kiti katika baraza la Mamba, akapanda mti wake. Hakumtaja mgombea. Aliuliza tu vifaranga wa Bata wanaoshuka kunywa maji magharibi wanaishia wapi.

"Leo nimeona manyoya matatu yanaelea," alisema, "na mama yao bado anawaita."

Maji hayajapwa, Kobe huyo, anahema. Tangu azaliwe hakuwahi kukimbilia jambo. Akaikwangua alama ikafutika. "Umechanganya," alisema. Ngiri wakauzingira mti, waliokuja kusali wakarudishwa.

Nanyi mnakumbuka Juni 2025: Msajili wa Jumuiya alilifutia usajili Kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, siku chache baada ya askofu kukemea utekaji. Hoja ilikuwa kwamba matamko yake ni ya kisiasa. Marekani nako, tangu 1954, sheria inalikataza kanisa lililosamehewa kodi kumnadi mgombea au kumpinga. Nao wana kunguru wao.

Jioni Chura akamfuata Kobe. "Mzee, nikiomba meno ya Mamba yang'oke, hiyo ni dua au siasa?"

Kobe akatupa jicho mtoni, kisha akavuta kichwa ndani. Sauti ikatokea gambani:

"Utaomba kwa sauti, au kimoyomoyo?"