Sampuli ya Jangwani

Mbinu za utafiti ni somo linalolaza darasa haraka kuliko ubwabwa wa shughulini. Basi mhadhiri wetu, Mungu ampe maisha marefu, akaamua kulifundisha kwa mfano wa klabu za soka za Simba na Yanga. Tukaamka sote, hata wale wa viti vya nyuma.

Nadharia tete: Yanga ya 1935 ina mashabiki wengi kuliko Simba ya 1936. Mwenzetu mmoja akabeba hojaji hadi Jangwani, nyumbani kwa Yanga, akahoji watu 30 waliovaa kijani na njano. Matokeo: asilimia 100 Yanga. Mhadhiri akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Hiyo si sampuli, mwanangu, hiyo ni familia." Akampa sifuri.

Wiki iliyofuata mwingine akaenda Msimbazi, nyumbani kwa Simba, akahoji 30 wa nyekundu na nyeupe. Asilimia 100 Simba. Mhadhiri akasoma taratibu, akaitikia kwa kichwa: "Huu sasa ndio utafiti wa kina." Akampa A.

Sura ya upendeleo wa mtafiti hakuifundisha kamwe. Joto lilipozidi alivua koti tu, tukaiona jezi nyekundu, somo likaisha.