Simu Imeniharibia Kisingizio

Sisi wa Kyumbi hatuna safari isiyopita njia panda. Ukienda Nairobi ni hapo, ukipanda Machakos mjini ni hapo, ukiteremkia Malili kuutazama mji wa teknolojia wa Konza, ambao Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013, ni hapo hapo. Kwa simu inayokumbusha mambo kwa kufuata GPS, hilo ni balaa. Niliiagiza ilie nikifika stendi ya hapo: "Nunua ndengu gorogoro mbili." Nikanunua, nikabonyeza "tayari". Bahati mbaya bando zilikuwa zimeisha, na kompyuta ya ofisini, inayogawana orodha ya kazi na simu, haikupata habari. Intaneti iliporudi, kompyuta ikaona simu haina kazi ya ndengu, ikadhani imepotea, ikairudisha kwa roho safi.

Tangu hapo kengele hulia nikienda kazini, nikirudi, nikienda matangani. Usiku mmoja basi nililopanda kutoka Mombasa lilipita pale saa tisa, abiria wote wamelala, simu ikaanza. Jirani yangu akafungua jicho moja: "Mzee, si ushuke tu ununue hizo ndengu, tulale?"

Balaa hili nilijitakia. Mmarekani David Allen aliandika mwaka 2001, katika kitabu *Getting Things Done*, kwamba kazi zote zitolewe kichwani na kuwekwa mahali pa kuaminika. Mimi nilizitoa kwa mbwembwe. Ujumbe wowote wenye neno "usisahau" ukiingia kwenye simu, unageuka kazi yenye tarehe, na kompyuta ya ofisini inaipata papo hapo. Nilijiona meneja.

Umeneja haukudumu. Mama watoto alishangaa kuniona nikifika na mtungi wa gesi bila kukumbushwa mara ya pili, akafanya upelelezi, na watoto wakanichoma. Kuanzia siku hiyo hakuna salamu nyumbani kwetu, ni "usisahau" tu: usisahau dawa ya kuku, usisahau karo, usisahau fundi wa tangi. Habari zikafika kwa mama mkwe kule Mwala: "Mwanangu, usisahau paa linavuja." Kijana wa boda naye: "Mkubwa, usisahau ile mia." Hata matapeli wakapata kiti. Mmoja aliandika, "Ile pesa tuma kwa namba hii, usisahau," na asubuhi, mkubwa wangu akiwa ameinama juu ya kompyuta yangu tukikagua hesabu, kioo kikaandika kwa wekundu: KAZI YA LEO: TUMA ILE PESA. Akaniangalia. Akaiangalia hesabu. Akaniangalia tena.

Haya yote ningeyavumilia. Kinachoniuma ni kwamba nimenyang'anywa "nilisahau". Neno hilo limeokoa ndoa nyingi Ukambani kuliko wazee wa ukoo. Halina tusi, halina ubishi, na hakuna awezaye kukufungulia kichwa athibitishe. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyefanya utafiti wake Berlin, alichapisha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizoachia njiani kuliko walizomaliza. Ni wazi hakuwahi kumtuma mwanamume muthokoi sokoni.

Sasa nikisema "nilisahau", mama watoto hanijibu. Ananyoosha mkono apewe simu. Anasoma polepole, kama karani wa mahakama: "Imelia saa nne asubuhi. Umebonyeza 'baadaye'." Ananitazama juu ya miwani. "Baba watoto, baadaye gani hii?"

Basi nimeamua mfumo huu ufutwe. Kwa kuwa shughuli ni nyingi, nimeuandika uamuzi huo palepale: "Futa mfumo, Jumamosi." Kompyuta ikauliza kama kazi hii ijirudie kila wiki, na kabla sijajibu ikajichagulia "ndiyo". Kila Jumamosi sasa simu hunikumbusha kuufuta, nami nabonyeza "baadaye".