RAM ya Kuazima

Jamani, hili la "RAM 16GB" linanifanya nisonye kila nikipita mtaa wa Aggrey pale Kariakoo. Boksi la simu ya bei ya chini limepigwa 16 kubwa inayosomeka toka ng'ambo ya barabara, halafu chini yake, kwa maandishi ya kutafutia miwani, 8+8. Wengine wana 4+4 na boksi linasema 8. Kijana ametoka Mbagala na hela yake ya bodaboda, ameiweka kidogo kidogo tangu mwaka jana, anashika simu mbili za bei moja. Moja imeandikwa 16, nyingine 6. Hapo mtamlaumu akichukua ya 16? Na muuzaji anamalizia kazi: "Hiyo mnyama, mdogo wangu, gemu zote inapiga."

Nane ya kwanza ni RAM. Nane ya pili imemegwa kutoka kwenye uhifadhi, zile GB 128 au 256 unakoweka picha na nyimbo zako. Tecno wanaiita Memory Fusion, Samsung wanaiita RAM Plus, kila kampuni na jina lake, kazi ni ile ile. Chukulieni duka la Mangi: RAM ni kaunta, mahali kitu kinapowekwa mteja akishaagiza. Uhifadhi ni stoo ya nyuma. Sasa mtu kachonga rafu moja kule stoo, kaiandika "kaunta", anakuja kukuambia duka lake lina kaunta mbili. Ukiagiza sukari, bado kijana wa dukani atakimbia stoo. Na mwendo wa kukimbia huko unajulikana: RAM ya kweli, hata ya simu ya kawaida, inapitisha zaidi ya megabaiti 10,000 kwa sekunde, wakati uhifadhi wa eMMC uliojaa kwenye simu za bei ya chini unasoma megabaiti 300 hivi. Msaada mdogo upo, siukatai. Programu uliyoiacha nyuma inaweza ikachelewa kufungwa, ukirudi WhatsApp unaikuta pale pale. Lakini gemu haichezwi stoo.

Ukimbana muuzaji kwenye RAM anarukia prosesa. "Okta-koa hiyo, kaka, viini nane!" Haya, tuvihesabu hivyo viini. Unisoc T606 na Helio G85 ya MediaTek ni chipu mbili ambazo mmezishika wengi wenu hapa bila kujua majina yake. Ndani ya kila moja kuna viini viwili vikubwa vya Cortex-A75 na sita vidogo vya Cortex-A55. Kampuni ya Arm ilivitangaza vyote mwaka 2017. Simu inatoka kwenye nailoni leo, inanukia upya, na ubongo wake umechorwa 2017. Halafu weka pembeni yake iPhone 11 ya mwaka 2019: viini sita tu, RAM 4GB. Fungua PUBG Mobile kwenye zote mbili, mtu awe juu ya paa, mabomu yanarushwa, na utaona ya 4 inavyoiacha ya 16 nyuma kabisa. Simpigii debe iPhone, nitaisema nayo sasa hivi. Nachosema, namba iliyoandikwa kwa wino mnene kwenye boksi ndiyo isiyoamua chochote, na inayoamua, jina la chipu, imefichwa pembeni au haipo kabisa. Muuzaji hataji kwa sababu hujauliza. Uliza. Akisema hajui, itafute jina la simu kwenye intaneti ukiwa umesimama hapo hapo dukani, bando la mia tano linatosha.

Na kioo cha hezi 120 nacho. Maana yake kioo kinaweza kubadilisha picha mara 120 kwa sekunde. Chipu ikikuletea picha 35 kwa sekunde ndani ya gemu, hizo mara nyingine zote kioo kinarudia picha ile ile. Utafurahia ukiwa unapandisha na kushusha Instagram, hapo kweli kinateleza. Kwenye eFootball mpira utakwama kama kawaida. Tena wanakupa hezi 120 kwenye kioo cha inchi 6.7 chenye pikseli 720 kwa 1600, herufi zina kingo kingo, kwa sababu pikseli haziandikwi mbele ya boksi.

Kamera ya megapikseli 108? Sensa nyingi za aina hiyo zinaunganisha pikseli tisa kuwa moja, unapobonyeza unapata picha ya megapikseli 12. Si kosa, ndivyo zilivyoundwa ili zinase mwanga zaidi usiku. Kosa ni kumwambia mama anayetaka kupiga picha za vitenge vyake vya biashara kwamba 108 ni mara tisa ya 12. Halafu yale macho ya pili na ya tatu ya kupamba mgongo! Zimewahi kuuzwa simu zenye "lenzi ya AI" ya pikseli 320 kwa 240. Zidisheni wenyewe, hazifiki hata elfu themanini. Hiyo inaona nini?

Ugonjwa huu haukuanzia kwenye simu. Subufa za sebuleni zimeandikwa wati 12,000 za PMPO miaka nenda rudi, na ukigeuza nyuma, kwenye stika ndogo ya umeme, unakuta kifaa kizima kinakula wati 60. Wati 60 zikiingia, hazitoki 12,000, hata aimbe nani. Pawabenki nayo: 20,000mAh inahesabiwa kwenye betri ya ndani, volti 3.7. Ikitoka kwa volti 5 kuelekea kwenye simu yako, na joto likala chake, unabaki na 13,000 hivi. Hii angalau si uongo, ni hesabu isiyoelezwa.

Sasa najua mtaniambia, kama mzee wetu wa kahawa alivyonikatisha juzi kijiweni: "Kwa hiyo unataka watoto wakanunue used, wapigwe zaidi?" Swali lake ni la haki na lilinyamazisha kijiwe. Simu iliyotumika kutoka Dubai au Marekani inaweza kukupa chipu bora kuliko mpya ya bei hiyo hiyo, na inaweza pia kukuachia tofali. Tofauti iko kwenye dakika kumi unazosimama pale kaunta. Mwenye haraka asinunue used.

Anza na *#06#. Namba ya IMEI inayotokea kwenye kioo ifanane na ya boksi na ya kwenye mipangilio. Tuliokuwepo Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu zenye IMEI feki, tunakumbuka watu wazima wakiamka na simu isiyoshika mtandao. Kama ni iPhone, ingia About, mstari wa Carrier Lock usomeke No SIM restrictions. Kama kuna neno jingine, simu imefungwa kwa kampuni ya kwao, rudisha. Hapo hapo tazama Model Number: ikianza na M, iliuzwa mpya dukani; F, imekarabatiwa na Apple; N, ilitolewa kubadilishia mteja simu mbovu. F na N zinaweza kuwa simu nzuri tu, lakini usizilipie bei ya M. Angalia afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya simu, siyo mfukoni mwako wiki ijayo. Na kama muuzaji hawezi kuifuta simu mbele yako na kuiwasha upya bila kuombwa akaunti ya mwenyewe wa zamani, ondoka. Hilo halina mjadala.

Kuna jambo moja la used ambalo halisemwi vya kutosha na linaumiza. iPhone zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia 14, yaani 2022, hazina tundu la laini. Zina eSIM peke yake, laini iliyojengwa ndani ya simu. Mmarekani haimsumbui. Huku kwetu laini ndiyo pochi. Simu ikizima saa nne usiku na umeme umekatika, unachomoa laini, unaitia kwenye kitochi cha jirani, unatuma hela hospitali, maisha yanaendelea. Na eSIM utachomoa nini? Simu ikipasuka kioo barabarani, hela yako imefungiwa humo mpaka ufike kwa wakala wa mtandao asubuhi. Kwa mama wa genge anayepokea malipo kwa simu, hilo ni kubwa kuliko kamera zote tatu. Ukitaka 14 kwenda juu, tafuta ambayo haikutoka Marekani, upapase ubavu wake mpaka uone tundu. Na mwenye kuitamani XR kwa sababu bei imeshuka, ajue iOS 26 ya mwaka 2025 imeiacha nje. Hiyo 11 imeingia.

Haya, gemu zenyewe. Kuna mdogo wetu hapa amekusanya hela ya kufungua banda la gemu na kichwani mwake ni PS5 tu, kwa kuwa PS5 inavuta watu. Nimemsonya mbele ya wenzake, na nampenda. PS5 ni mashine ya nguvu, gemu inafunguka kabla hujakaa sawa, hilo hakuna wa kulipinga. Ila yeye anakwenda kuuza mechi za mpira, mechi kwa mechi, kwa watoto wa mtaani wenye sarafu mkononi. EA Sports FC 26, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA, bado imetolewa kwa PS4. PS3 ndiyo iliyokwishakufa kwa mpira, FIFA yake ya mwisho ilikuwa FIFA 19, na mtoto wa leo hawezi kulipia kikosi cha wakati ule. Iwe PS4 Slim au PS5, mteja wake anapata ubishi ule ule wa Yanga na Simba.

Na umeme wa LUKU je? PS5 ikiwa kwenye gemu nzito inavuta karibu wati 200, saa tano zimekwenda na uniti moja. PS4 Slim inacheza kwenye wati 80 mpaka 90, uniti hiyo hiyo inavuka saa kumi. Weka mashine nne, fungua saa nne asubuhi funga saa nne usiku: PS5 zinakula karibu uniti 10 kwa siku, Slim zinakula 4, na TV bado hatujazihesabu. Hiyo tofauti inasaidia kulipa pango la banda. Tena diski ya PS4 ikifa, unafungua kifuniko, unaweka nyingine ya kompyuta mpakato ya inchi 2.5, mwenyewe, kwa bisibisi moja.

Kwa wa nyumbani anayetaka PS5 kwa raha yake, achukue, kama hela ipo. Lakini asiuziwe Digital kwa sababu imepungua bei kidogo. Ile haina mlango wa CD. Kila gemu inashuka kwa bando, na gemu kubwa nyingi zinavuka GB 50, Call of Duty imeshavuka 100. CD unanunua iliyotumika, ukiimaliza unabadilishana na wa mtaa wa pili, ukichoka unauza. Gemu ya Digital huwezi kumuazima mtu wala kuiuza, imeganda kwenye akaunti yako. Hata PS5 Pro ya 2024, pamoja na bei yake, inauzwa bila mlango wa CD, unanunua pembeni! Muuzaji akikwambia "CD zimepitwa na wakati", mwambie akulipie bando.

Kabla hujabadilisha mashine kwa kudai inachelewa, ingia kwenye mipangilio ya TV utafute Game Mode, uiwashe. TV nyingi zinapiga picha pasi kwanza kabla ya kuionyesha, ndiyo maana unabonyeza shuti na mchezaji anapiga baadaye. Haigharimu hata senti. Na vile visikilizio vya bluetooth kwenye gemu, vivue, vaa vya waya. Risasi usikie inapolia, sio ikishakuua.

Imebaki pedi, na hapa ndipo wengi wanapigwa, maana wamemaliza akili yote kwenye mashine. Vijiti vya pedi za DualShock 4 na DualSense vinasoma mkono wako kwa kipande cha kaboni kinachosuguliwa. Kikilika, mchezaji anatembea mwenyewe hujamgusa. Pedi za kampuni nyingine zenye vijiti vya Hall effect zinasoma kwa sumaku, hakuna kinachosuguana, na kwa banda la gemu ambako kijiti hakipumzishwi mchana kutwa, hizo nazipigia kura kwa mdogo wetu bila kusita. Akikuta za used, asizinunue kwa kuziangalia rangi. Achomeke, afungue gemu, aingie mazoezini, aweke pedi juu ya kaunta, mikono mfukoni. Mchezaji akijongea hata hatua moja, hiyo imekwisha. Avizungushe vijiti vyote viwili, aviachie, aweke tena chini, atazame. Muuzaji akinuna na kusema anazuia wateja, anune tu, pedi ikae pale pale mpaka dakika tano zitimie.