Mhadhara wa Nyuzi kwa Watu wa Mabwerebwere

Wananchi wa Mabwerebwere, nanyi mliotoka Kilosa mjini na Mikumi, nyamazeni. Anayesema nanyi ni Mtaalamu Mkuu wa Nyuzi za Raketi, cheo nilichojitunuku baada ya uchaguzi huru na wa haki uliokuwa na mgombea mmoja. Msiniulize kama hapa kuna uwanja wa tenisi. Elimu ya juu haijawahi kungoja uwanja. Hoja yangu ni hii: mchezaji wa kujifurahisha hupima uzi kwa jicho, na akiona haujakatika huamua kuwa ungali hai, ilhali uzi wa raketi hufa ukiwa mzima. Uzi wa poliesta ukifungwa kwa mkazo wa ratili 55, yaani kilo 25 hivi, huanza kulegea siku hiyohiyo, hata raketi ikitundikwa ukutani isiguswe. Kisha nyuzi za wima na za mlalo husuguana na kuchimbana vishimo zinapopishana. Uzi mpya wa wima husukumwa pembeni na mpira, ukateleza, ukarudi mahali pake, na kurudi huko huuongezea mpira mzunguko. Ukishanasa kishimoni haurudi. Bwana mkubwa huurudisha kwa vidole kila baada ya pointi, amekunja uso kama hakimu. Dalili ya msiba yeye anaiona mbwembwe.

Mjuaji wa viti vya nyuma atasema dawa ni kukaza zaidi ili kupata nguvu. Kinyume chake! Kwa kanuni za tenisi, mpira wa kawaida ukidondoshwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu sharti uruke kati ya 135 na 147. Yaani ukibonyea hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Uzi hurudisha sehemu kubwa zaidi ya kile ulichopokea. Basi uzi ukibonyea, mpira hubonyea kidogo na kasi inabaki. Uzi ukikazwa kama waya, mpira ndio unaopondeka. Hapo mjanja atanibana: kama ulegevu huleta nguvu, uzi mkongwe una kosa gani? Kosa ni kwamba umelegea bila kupangiwa na hautelezi tena, kwa hiyo mpira unaenda mbali bila mzunguko wa kuushusha ndani ya mstari.

Wengine watanitajia Gustavo Kuerten, aliyetwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1997 kwa nyuzi za poliesta akiwa hajulikani sana. Ni kweli, lakini wachezaji wa kulipwa hubadili raketi katikati ya mechi, huku mwigaji wao akikaa na nyuzi zilezile miaka miwili, kiwiko kikimuuma, akailaumu hali ya hewa. Yeye inamtosha nailoni, laini na ya bei nafuu. Wafugaji mtafurahi kusikia kwamba nyuzi zinazosifiwa kwa ulaini hutengenezwa kwa utumbo wa ng'ombe, ingawa kampuni ya Babolat ilipoanza kazi ya nyuzi za utumbo huko Lyon mwaka 1875 ilitumia wa kondoo. Ila msichinje bado, bei yake haimfai mtu anayepiga wavu kila mpira wa pili. Kanuni ya mafundi wa nyuzi ni kwamba mara unazocheza kwa wiki ndizo mara za kubadili nyuzi kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo mimi nadaiwa sifuri, na nimelipa yote.