Aliniambia Nitandike Mkeka

Dada yangu anaishi Marekani, na baridi ya huko imemfundisha kushona mifarishi ya viraka. Alipokuja likizo aliniletea zawadi iliyoviringishwa ndani ya taulo: kisu cha gurudumu na rula yake. Watoto walipokiona kisu walipiga vigelegele. Walidhani tunakula pizza.

Ni mpini wenye gurudumu la chuma la milimita 45, kali kama wembe, linaloviringika juu ya kitambaa bila kukitafuna kama mkasi. Kampuni ya OLFA ya Japani ilikitoa mwaka 1979 kwa ajili ya washona nguo, lakini washona mifarishi wa Marekani ndio waliokidaka, na hawajakiachia mpaka leo. Rula nayo ni bapa la plastiki angavu, pana kama sinia ya pilau, lenye mianya kila baada ya nusu inchi. Unailaza juu ya kitambaa, unapitisha kisu kwenye mwanya wa sifuri kunyoosha ukingo, unahesabu mianya mitano, unapitisha tena. Rula haisogei, na kisu hakiendi kushoto wala kulia hata kikitaka. Utepe unatoka na upana wa inchi 2½; mshono unakula robo inchi kila upande, zinabaki 2 za kuonekana.

“Kwa kifaa hiki,” alisema dada, “hata wewe huwezi kuharibu.”

Lile “hata” nililisikia. Nikalimeza.

Fundi wa jirani, ambaye hukata suruali kwa kukadiria huku simu ameibana begani, aliigeuzageuza ile rula akachungulia kwenye mianya. “Dada, wamekuuzia mbovu. Imepasuka kila mahali.” Nilimwonea huruma. Watu wasioijua teknolojia ni wa kuhurumiwa.

Dada alipokwisha kurudi kwake nikanunua kitenge, nikakikunja mara nne kitoshee chini ya rula, kisha nikamtumia ujumbe kuuliza kama kuna la kuzingatia. Jibu likaja kwa sauti, basi likinguruma nyuma yake: “Usikate bila kutandika mkeka!”

Sasa, wenye kazi yao wanajua alichomaanisha. Kuna ubao laini wa plastiki nzito, umechorwa miraba, na kisu kikipita juu yake jeraha linajifunga lenyewe. Haukuenea kwenye sanduku lake, akadhani nitautafuta. Lakini mtu aliyekulia Magomeni akiambiwa atandike mkeka, anatandika mkeka.

Wa kila siku una matundu. Nikaona kazi ya kitaalamu inataka mahali palipo sawa, nikautoa ule wa wageni: mkeka wa ukindu wa Rufiji, zambarau na kijani, ambao mama mkwe aliusuka kwa mikono yake akatupa siku ya harusi.

Mkeka unabonyea. Nilipopitisha kisu mara ya kwanza, kitambaa cha juu kikakatika, vya chini vikabaki vinanitazama. Nikapiga goti juu ya rula, nikashika mpini kwa mikono miwili, nikaegemea kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Kwaruuu. Mlio mtamu! Nikafanya hivyo mwanya wa sifuri, wa mbili na nusu, wa tano, wa saba na nusu, wa kumi. Mikato mitano, tepe nne. Nikainua rula nikiwa nimeloa jasho na majivuno.

Utepe wa kwanza nilipoukunjua ulikuwa herufi W.

Kumbe kitambaa kikikunjwa upande upande, mikunjo isiwe wima kwa mstari wa rula, kila palipokunjwa panapinda kama kiwiko. Ukikosea kwa mkasi umekosea mara moja, unaona, unaacha. Hii rula ilinipa makosa manne mapacha, yenye upana sawa, yanayofanana mpaka kwenye vidole vya miguu.

Nikazoa kitenge nitazame chini. Mkeka wa kwetu ni ukili ulioshonwa pamoja, ukanda kwa ukanda. Nao ukitazama vizuri ni mfarishi wa aina yake. Ukili ukikatwa kwa kukingama, miyaa inaachiana. Katikati ya mkeka palikuwa na wavu wa kuchomea mishikaki. Kisu nacho kilikuwa kimeuma sakafu kikatoka pengo, na tangu siku hiyo, kila gurudumu likizunguka mara moja, yaani kila sentimita 14 hivi, linaruka nyuzi mbili tatu.

Mkeka nilimpelekea fundi. Akaukunjua, akaukunja. “Cherehani yangu haishoni majani, dada.” Hakucheka, nami namshukuru, ingawa nilipofika kona nilisikia kicheko cha duka zima.

Ijumaa akaja mama mkwe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nitandikie mkeka wangu hapo barazani, nipunge upepo.”

Nilitaja udongo. Nilitaja vumbi la barazani, sofa, kiti chenye mto. Aliendelea kusimama, kanga begani, akingoja. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba ana mtu wa kumwona.

Nikautoa. Akautandika mwenyewe, akachuchumaa, akatia kidole kwenye mkato wa kwanza akaufuata mpaka mwisho. Wa pili. Mpaka wa tano. Kisha akafumba jicho moja.

“Nani amekata hapa?”

“Mimi, mama.”

“Umenyoosha,” akasema taratibu. “Kama mistari ya daftari.”

Halafu akaona tepe za kitenge juu ya cherehani yangu. Akauinua mmoja kwa ncha za vidole, ukaning’inia na viwiko vyake vyote.

“Na hiki ulikata kwa meno?”