Ulaya kwa Kipimo cha Choo

Watalii wengi hulinganisha miji ya Ulaya kwa makumbusho, chakula au bei ya hoteli. Mke wa mwandishi wa makala haya, mwanamke wa Tanga aliyelelewa katika nyumba isiyokosa kopo na pipa la maji chooni, alikuwa na kipimo chake: ukibanwa na haja katikati ya mji, mji wenyewe utakusaidiaje? Mumewe alicheka walipokuwa uwanja wa ndege. Walipofika Paris kicheko kilimwisha.

Paris walianza vizuri. Vile vibanda vya choo vilivyosimama kando ya barabara ni vya bure tangu mwaka 2006, na vimejaa mji mzima. Mlango unajifungua wenyewe. Mtu akitoka unajifunga, na mtambo unaosha choo chote pamoja na sakafu kabla ya kumkubali mwingine. Sasa hapo kwenye kusubiri ndipo penye kazi. Mama mmoja alipotoka, bwana huyu wa Tanga aliushika mlango kwa adabu ili mkewe aingie moja kwa moja. Foleni nzima ikamkemea, na bibi kizee mmoja akamweleza kwa vidole kwamba asiye na subira huoshwa pamoja na sakafu.

Mkewe aliingia zamu ilipofika, akatoka amenuna.

“Huu mtambo unaosha kila kitu,” akasema, “isipokuwa mtu.”

Ni kweli. Karatasi ipo, maji ya kujisafishia hakuna. Wahenga walituonya juu ya kuchamba kwingi. Hawakuwazia mji usiochamba kabisa. Kinachoudhi zaidi ni kwamba bideti, lile beseni la chini la kujitawazia, lilianza kutumika Ufaransa kwenyewe, kwa mabwana na mabibi wa karne ya 18, na baadaye nyumba nyingi zikaling'oa ili kupata nafasi ya mashine ya kufulia. Kuanzia siku hiyo mkoba wa bibi ulibeba chupa ya maji ya nusu lita, na kazi ya chupa hiyo haikuwa kunywea.

Roma walipokewa na bideti hotelini. Huko Italia hilo si suala la hisani: kanuni ya serikali ya mwaka 1975 inataka kila nyumba ya kuishi iwe nayo. Bibi akatangaza kwamba Waitaliano ni ndugu zake, pengine kwa upande wa mama.

Undugu huo unaishia mlangoni. Ukitoka nje, vyoo vya umma ni vya kutafuta kwa tochi, na desturi ni kuingia kwenye baa ya kahawa. Unanunua kahawa, unainywa umesimama kaunta kwa kuwa ukikaa mezani bei inapanda, halafu unaomba ufunguo, nao umefungwa kwenye kipande cha ubao ili usiondoke nao. Nusu saa baadaye ile kahawa inakupeleka baa nyingine. Kwa mwendo huo mtu anaweza kuzunguka Roma mchana kutwa asione kanisa hata moja.

Kwa upande wa maji ya kunywa, Roma haina mpinzani. Tangu mwaka 1874 mji umesimika mabomba ya chuma barabarani, yapo kama 2,500, na maji yake baridi yanatiririka bure usiku na mchana. Mdomo wa bomba umepinda chini, na mgongoni mwake kuna kitundu. Ukiziba mdomo kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu hicho na unakunywa bila kuinama. Bwana aliziba kwa bidii mno. Maji yalimkosa usoni yakatua mbele ya suruali ya kaki, pale pale ambapo mtu mzima hataki yatue. Kwenye foleni ya Colosseum watu walimtazama kwa huruma, na alipoingia baa jioni mhudumu alimpa ufunguo kabla hajataja kahawa.

Si vibaya kukumbuka kwamba jengo hilo la Colosseum lilianzishwa na Kaisari Vespasian, yuleyule aliyetoza kodi ya mkojo, kwa sababu mafundi wa nguo na ngozi waliununua kwa kazi zao. Mwanawe Titus alipolalamika, inasimuliwa kuwa mzee alimwekea sarafu puani akamuuliza kama inanuka.

Amsterdam hawakukaa sana, na bibi hajutii. Mji una vizimba vya chuma vya kijani, vimejikunja kandokando ya mifereji, ambamo mwanamume husimama akajisaidia huku baiskeli zikimpita. Wanawake je? Mwaka 2017 jaji mmoja wa huko, akimhukumu mwanamke aliyejisaidia barabarani, alisema angeweza kutumia vizimba hivyo. Wanawake wa Uholanzi walipinga. Bibi angekuwepo angebeba bango.

Berlin ndiyo iliyowachanganya. Pale Schlesisches Tor, chini ya reli ya juu, waliona kijumba ambacho kitabu chao cha zamani kilikitaja kama choo. Foleni ilikuwa ndefu, wakajipanga kwa uvumilivu, wakafika dirishani wakaulizwa kama wanataka baga yenye jibini. Choo kilishageuzwa mkahawa, na kwa kweli baga ni tamu.

Walikuwa wamekaa wanamalizia baga pale mzee mmoja mwenye mfuko mkubwa alipoinyooshea kidole ile chupa ya mkobani. Ujerumani chupa ya plastiki ya namna hiyo ina amana ya senti 25, dukani unarudishiwa, na wapo wanaopita mitaani kukusanya zilizoachwa. Bibi, akijua chupa ile imetoka wapi na imefanya nini, aliikumbatia. Mzee akaomba tena kwa upole. Bwana akampa sarafu ya euro moja. Mzee akaikataa, maana yeye anakusanya chupa, haombi. Ikabidi wanunue soda mbili, wazinywe harakaharaka hadi kwikwi, wamkabidhi chupa tupu. Akashukuru akaenda zake.

Soda hazikuchelewa kufanya kazi yake. Choo cha stesheni kilikuwa na geti la kuzunguka, kiingilio euro moja, nayo bwana alikuwa bado ameishika mkononi.

“Ingia wewe,” alimwambia mkewe, akaanza kutafuta baa ya kahawa.