Namna ya Kupitisha Gunia la Mkaa Sebuleni

Nyumba ina mlango wa uani kwa sababu. Huko ndiko linakopita gunia la mkaa, ndoo za maji na kuku wa sikukuu ambaye bado hajui kinachomsubiri. Mlango wa mbele ni wa wageni. Seva yenye kadi mbili za mtandao imeundwa kwa busara hiyohiyo: kadi moja ihudumie wateja, nyingine ibebe bakapu usiku bila kumkanyaga mtu. Mwongozo huu ni wa fundi anayetaka kumiliki milango yote miwili na bado gunia lipite sebuleni, juu ya zulia, wageni wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Si kazi ngumu. Wengi wameimudu bila kukusudia, na mimi mwenyewe niliimudu miezi mitatu mfululizo.

Anza na manunuzi. Andika dokezo kwa bosi ukiomba kadi za gigabiti 10, swichi ya peke yake, na kebo za rangi ya chungwa. Rangi usiilegezee kamba. Kila atakayeingia chumba cha seva ataona kebo ya chungwa na kuelewa kwamba huu ni mtandao wa bakapu, isipokuwa seva yenyewe, ambayo haina macho. Chomeka. Taa za kijani zitaanza kupepesa. Zipige picha, itume kwenye kundi la WhatsApp la kitengo, andika "Kazi imekwisha", nenda kale.

Baada ya hapo, usiiambie seva kitu chochote. Uzuri wote umelala hapo. Seva inapotaka kutuma pakiti, swali lake ni moja tu: inakwenda wapi? Hufungua jedwali lake la njia, ikatafuta mstari unaoikaribia zaidi anwani hiyo, na mstari huo ndio unaotaja kadi ya kutokea. Isipoupata, mzigo huelekezwa kwenye lango kuu, liwalo na liwe. Haiulizi kama ni bakapu au salio la mteja, wala kebo ya chungwa iligharimu kiasi gani.

Kwa hiyo, ndani ya programu ya bakapu, iandike seva ya bakapu kwa jina lake. Liwe jina la heshima, lililoingizwa kwenye DNS miaka mingi kabla kadi mpya hazijafika. DNS itajibu kwa uaminifu wote: 10.1.1.50, yaani anwani ya mbele. Na kwa kuwa seva yako ina 10.1.1.20 huko mbele, wawili hawa ni majirani wa ukuta mmoja, na mzigo utapita hapohapo. Anwani ya uani, 172.16.5.50, itabaki imekaa kibarazani peke yake. Jihadhari na mharibifu atakayekuja na mstari mmoja wa faili la hosts, kwamba kwa seva hii jina lile maana yake ni 172.16.5.50. Mstari huo tu, na starehe yako imekwisha. Lakini usikate tamaa mapema: zipo programu ambazo seva ya bakapu ndiyo inayomwanza mteja, na huko nako kuna jina lako la zamani lenye anwani ya mbele. Mharibifu akitengeneza upande mmoja na kuusahau wa pili, gunia linarudi sebuleni.

Kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, tuliringia mtandao wetu wa bakapu hadi kwenye taarifa ya robo mwaka. Siku moja kijana wa mafunzo kwa vitendo, ambaye alikuwa bado hajafundishwa kunyamaza, aliandika ip -s link, akakodolea skrini.

"Samahani kaka, hii kadi ya gigabiti 10 mbona imetuma kilobaiti 40 tu?"

"Ni mpya, mdogo wangu."

"Tangu lini?"

Tangu mwezi wa tatu. Na huo ulikuwa wa sita. Zile taa nilizopiga picha zilikuwa zinapepesa kwa salamu za swichi tu.

Matunda ya kazi hii yanaonekana kaunta. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125 kwenye karatasi, na kama 110 hivi ukitoa gharama za njiani. Terabaiti 4 kwa mwendo huo huchukua muda wa saa 10. Bakapu iliyoanza saa 5 usiku itamaliza saa 3 asubuhi, na foleni ilishaanza saa 2 na nusu. Dada wa kaunta atatamka ile sentensi ambayo nchi nzima imeikariri: "Mtandao unasumbua, naomba msubiri kidogo." Hajadanganya hata herufi. Kupitia kadi ile ya kilobaiti 40, mzigo huohuo ungemalizika kwa kama saa moja, diski zikiweza kuendana nayo.

Sasa tuingie darasa la waliobobea. Seva ya bakapu imehamishiwa jengo la pili, ikapewa 172.16.9.50. Jedwali la njia la seva yako linajua 172.16.5 tu, hiyo 9 halijawahi kuisikia, kwa hiyo bakapu inatoka kwa lango kuu, mbele tena, safari hii ikipita katikati ya fayawoli. Dawa ya kweli ni fupi mno kuweza kuvutia: ip route add 172.16.9.0/24 via 172.16.5.1. Achana nayo. Ongeza lango kuu la pili kwenye kadi ya uani. Ukiwa kwenye Windows itakuonya kwamba malango makuu mawili ni ya kusaidiana ndani ya mtandao mmoja, si ya mitandao miwili tofauti. Bonyeza Ndiyo, wewe ndiye fundi. Kwenye Linux, lango lenye metriki ndogo ndilo litakalotumika, na la pili litakaa kama mwenyekiti mstaafu kwenye meza kuu. Ukikosea namba, lango la uani ndilo litashinda, na majibu ya wateja wa mbali yataanza kutokea uani. Hapo unakuwa umevuka hata malengo ya mwongozo huu.

Kwa anayetaka kitendawili kamili, upo mpangilio wa Linux uitwao rp_filter. Ikiwa 1, pakiti ikiingia kwa kadi moja huku jedwali likisema njia ya kumrudia mtumaji ni kadi nyingine, keneli huitupa. Kwa mipangilio ya kawaida haiandiki kwenye logi hata nukta. Utamwona tcpdump akiapa kwamba pakiti imefika, na programu ikiapa kwamba haijaona kitu, na wote wawili wanasema kweli. Nimewahi kula siku mbili kwenye kesi hiyo, nikamlaumu fundi wa kebo, ambaye mpaka leo hajui aliwahi kushukiwa.

Kuziweka kadi zote mbili kwenye mtandao mmoja, 10.1.1.20 na 10.1.1.21, nako kunapendeza: kwa Linux anwani ni mali ya seva nzima, si ya kadi, hivyo jirani akiuliza nani mwenye .21, kadi yoyote inaweza kuitikia. Na MTU ya 9000 kwenye seva zote mbili, swichi ikibaki 1500, itakupa ping inayojibu vizuri na bakapu inayoganda kwenye asilimia sifuri. Usijaribu kamwe ping -M do -s 8972. Itakwambia ukweli.

Hata hivyo itafika siku utachoshwa na simu za meneja wa tawi, au diski itakufa na watu watataka data zao zirudi upesi. Saa 9 usiku utaandika ile ip route add uliyoidharau. Hakuna kitakachotokea, kwa sababu seva ya bakapu nayo haijui njia ya kuirudia 172.16.5, inajibu kupitia lango lake la mbele, na fayawoli iliyosikia nusu ya mazungumzo inayakata. Utaweka mstari mwingine huko. Ndipo ip route get itakapotaja kadi ya uani pande zote mbili kwa mara ya kwanza tangu ianze kulipiwa umeme, na ile namba ya kilobaiti 40 itaanza kukimbia usiweze kuisoma.

Piga picha. Tuma kwenye kundi: "Kazi imekwisha." Ile mistari miwili usiiandike kwenye faili lolote la mipangilio, maana kuna usingizi wa kulala na seva zimeshaikumbuka. Zitaendelea kuikumbuka hadi Jumamosi, umeme utakapokatika na jenereta ikachelewa kuwaka.